Daftari za kanisa ziko kwenye Drive: na nakala ya akiba iko wapi?

Zilipita siku sabini kabla sijajua kwamba nimefuta. Mama mmoja mjane alikuja bironi kuomba cheti cha ndoa yake ya kanisa, kwa ajili ya dosie ya mafao ya marehemu mume wake. Sekretari akafungua kompyuta, akaingia Google Drive, akatafuta folda ya ndoa. Haikuwepo. Tukatazama kwenye simu yangu, nako hakuna. Hapo nikakumbuka kwamba simu yangu ilikuwa imejaa, nami nilifuta vitu vizito ili nipate nafasi, nikidhani nafuta vya kwenye simu tu. Kumbe nilikuwa nikigusa faili zenyewe. Kompyuta ya biro, ambayo tuliiunganisha ifuate Drive, ilifuata mkono wangu bila kuuliza. Pipa la taka la Drive hukaa na kitu siku 30, kisha hukitupa.

Cheti cha yule mama kilichukua miezi minne. Tulikipata kwa picha za harusi, mashahidi wawili na mzee wa kanisa aliyekuwa na kumbukumbu nzuri. Daftari la karatasi lilikuwa limeachwa miaka mitatu kabla, maana tulijiona tumeendelea. Ndoa nyingine za miaka hiyo tunaendelea kuzitafuta nyumba kwa nyumba.

Ninaandika haya kwa sababu makanisa mengi ya upande wetu wa mashariki, pamoja na shule na vituo vya afya vyake, sasa yanatunza orodha za washirika, ripoti za fedha, alama za wanafunzi na barua zote kwenye Drive au OneDrive. Ukiuliza kama kuna nakala ya akiba, unajibiwa: "Iko kwenye wingu."

Wingu lina mlango, umeme na paa

Neno "wingu" linatudanganya kidogo. Tunafikiri ni kitu kinachoelea juu, kisichoguswa. Kwa kweli ni jumba lenye kompyuta nyingi, lililojengwa mahali fulani duniani, na jumba huungua kama nyumba nyingine.

Usiku wa tarehe 10 Machi 2021, jumba moja la kampuni ya OVHcloud huko Strasbourg, Ufaransa, liliteketea. Baadhi ya wateja walikuwa na nakala za akiba, lakini nakala hizo zilikaa palepale na kitu chenyewe, zikaungua pamoja.

Mfano wa Korea Kusini unatuhusu zaidi, kwa sababu ni habari ya watu wa biro kama sisi. Serikali ya huko ilikuwa na hifadhi yake ya mtandaoni iitwayo G-Drive, na wafanyakazi wa serikali walihimizwa kuweka kazi zao humo badala ya kuziacha kwenye kompyuta za mezani. Tarehe 26 Septemba 2025 moto ulianzia kwenye betri katika kituo cha taifa cha data mjini Daejeon. G-Drive ikaangamia, terabaiti 858 za kazi za watu. Wakuu walieleza kwamba hifadhi hiyo ilikuwa kubwa mno, kwa hiyo haikuwa na nakala nje ya kituo. Katika wizara inayosimamia wafanyakazi wa serikali, ambako karibu kila mtu aliweka kazi yake humo, hasara ilikuwa nzito kuliko kwingine.

Si moto tu. Mwezi wa Mei 2024, mfuko wa pensheni wa Australia uitwao UniSuper, wenye wanachama zaidi ya nusu milioni, ulikuta sehemu yake moja kwenye Google Cloud imefutwa. Hapakuwa na mwizi. Wakati wa kuianzisha, mtu aliacha nafasi moja bila kujaza, na mashine ikaelewa kwamba huduma hiyo ni ya mwaka mmoja tu. Mwaka ulipoisha, ikafuta. Walikuwa na sehemu mbili ili moja ikianguka nyingine isimame, na zote mbili zilifutwa kwa pamoja, kwa sababu zilitii amri ileile. Nakala walizoweka kwa mtoa huduma mwingine ndizo zilizowasaidia sana kusimama tena.

Hilo la UniSuper ndilo lililonifungua macho kuhusu kosa langu mimi. Vitu viwili vinavyofuata mkono mmoja huhesabika kama kitu kimoja. Simu yangu, kompyuta ya sekretari na Drive vilikuwa vinasawazishana. Kusawazisha ni kazi nzuri: ukiandika hapa, kinaonekana kule. Lakini ukifuta hapa, kinafutika kule, na virusi vikiharibu faili hapa, iliyoharibika inapelekwa kule badala ya nzima. Nakala ya akiba ni ile ambayo kosa la leo haliwezi kuifikia.

Kampuni zenyewe hazifichi jambo hili. Masharti ya Microsoft yanashauri mteja ajitengenezee nakala ya vitu vyake mara kwa mara. Wao wanalinda mashine zao zisizime. Daftari lako wewe ukilifuta, umelifuta. Na kwa akaunti za kawaida za Google, akaunti isiyotumiwa kwa miaka miwili inaweza kufutwa pamoja na vilivyomo. Fikiri juu ya ile akaunti iliyofunguliwa na sekretari wa zamani aliyehamia mji mwingine.

Kabla ya programu yoyote: faili ni za nani?

Hapa nawaomba msiruke. Katika Drive, faili iliyotengenezwa kwa akaunti ya mtu binafsi ni yake, hata kama folda ina jina la kanisa. Amewashirikisha tu. Akifunga akaunti au akiifuta faili, nanyi mmeipoteza. Tena programu nyingi za kunakili huchukua vitu vya mwenye akaunti tu. Vile ulivyoshirikishwa vinakaa pembeni, haviingii mpaka uombe. Kwa hiyo unaweza kuwa na nakala kila juma, ukaridhika, na daftari la ubatizo halimo.

Fungueni akaunti moja ya kanisa, si ya mtu, na faili za kazi zitengenezwe au zihamishwe huko. Nambari ya simu ya kuirudisha akaunti isiwe ya mchungaji peke yake. Wachungaji tunahamishwa.

Programu mbili ninazozitegemea

Programu huria ni zile ambazo msimbo wake uko wazi. Mtu yeyote anaweza kuusoma, kuutumia bila kulipa, na kumpa jirani. Kwetu faida yake haiishii kwenye kutolipa. Nakala ya akiba ni kitu cha kufunguliwa baada ya miaka kumi au ishirini. Kama programu inataka malipo ya kila mwezi kutoka ng'ambo, siku kadi ya benki inapokataliwa unaweza kufungiwa nje ya daftari zako. Ya huria unayo kwenye flashi, na hata watengenezaji wake wakiacha, uliyo nayo inaendelea kufungua ulichokifunga.

Ya kwanza ni rclone. Iliandikwa na Nick Craig-Wood, na inajua kuzungumza na huduma zaidi ya hamsini za mtandaoni, zikiwemo Drive, OneDrive na Dropbox. Kazi yake ni kubeba: inachukua vilivyo kule na kuvileta kwenye diski yako. Ni faili moja tu, haihitaji kusakinishwa kwa shida, unaweza kuipokea kwa flashi kutoka kwa mtu aliyeipakua kwenye tovuti yake halisi. Kwa kawaida haitumiwi kwa vitufe vya kubofya. Unaandika amri kwenye lile dirisha jeusi la kompyuta. Msiogope, amri ni ileile kila mara, na kijana wa informatiki anaweza kukuandikia mara moja ukawa unaibofya tu.

Mambo matatu juu yake ni ya kukumbuka. La kwanza, wakati wa kuiunganisha na Drive inauliza unampa ruhusa gani. Chagua ile ya kusoma tu. Hapo hata ukikosea amri, haiwezi kufuta kitu kule juu. La pili, ina amri inayoitwa copy na nyingine inayoitwa sync. Ya kwanza huongeza na kusasisha bila kufuta kilichokuwepo. Ya pili hufanya diski ifanane na Drive kabisa, maana yake kilichofutwa Drive hufutwa na kwenye diski pia. Ningalitumia sync, ile folda ya ndoa ingalipotea mara ya pili. Tumia copy. La tatu, hati za Google zenyewe si faili za kawaida, huwezi kuzibeba jinsi zilivyo. Rclone huzigeuza kuwa za Word na Excel zinapofika. Hesabu na maandishi yanabaki, baadhi ya mapambo yanaweza kupotea. Daftari la fedha halihitaji mapambo.

Kuhusu mega: mara ya kwanza italeta kila kitu, na hiyo ni nzito. Ifanyeni mahali penye intaneti nzuri, hata kama ni kwa rafiki. Baada ya hapo inaleta yale yaliyobadilika tu, na unaweza kuiwekea kikomo cha kasi ili wengine bironi wasikose intaneti. Umeme ukikatika katikati, rudia amri ileile. Faili zilizokwisha kufika inaziruka.

Lakini rclone peke yake haitoshi. Mtu akiharibu faili bila kuifuta, kwa mfano akifuta mistari ya mwaka mzima kwenye orodha ya washirika kisha akahifadhi, copy italeta iliyoharibika na kuiweka juu ya ile nzima. Ndiyo sababu ya programu ya pili, restic, iliyoanzishwa na Alexander Neumann.

Restic inachukua kile ambacho rclone imeleta na kukiweka kwa matabaka ya tarehe. Unaweza kusema: nipe orodha kama ilivyokuwa Jumapili ya Pasaka, nayo inakupa. Haijazi diski haraka, kwa sababu inakata faili vipande na kuhifadhi kila kipande mara moja tu. Kama kati ya juma hili na lililopita umebadilisha ukurasa mmoja, inaongeza kidogo sana. Na kila kitu inakifunga kwa ufunguo wa siri. Kwa kawaida inadai neno la siri, na mimi naona ni vizuri hivyo.

Kwa nini? Kwa sababu biro zetu hazina daftari za ndoa tu. Zina majina ya akina mama waliosaidiwa baada ya mambo mazito, orodha za waliokimbia na mahali wanapolala, maandiko ya ushauri wa wachumba. Diski yenye vitu hivyo ikianguka mkononi mwa mtu mbaya, aliyetuamini anaumia. Nchi yetu nayo ina sheria, ile inayoitwa kwa Kifaransa Code du numérique, amri-sheria nambari 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, ambayo inagusa ulinzi wa habari za watu. Diski iliyofungwa na restic unaweza kuipeleka kwa basi au kwa mashua bila hofu hiyo. Ikiibwa barabarani, mwizi amepata chuma. Ila kumbukeni kwamba ile folda ya rclone iko wazi, na faili ya mipangilio ya rclone ina ruhusa ya kuingia Drive. Hivyo viwili vibaki kwenye kompyuta ya biro yenye neno la siri, visisafiri.

Kuna na wengine. BorgBackup ni nzuri sana na ni ya zamani kidogo, lakini ni ya watu wa Linux, haikai vizuri kwenye Windows ya biro zetu. Wale ambao dirisha jeusi linawashinda kabisa watazame Kopia, ambayo ina dirisha la kubofya na inafanya kazi inayofanana na ya restic. Duplicati pia ina vitufe na wengi wanaipenda. Mimi siipi nafasi ya kwanza kwa sababu inategemea hifadhidata yake kwenye kompyuta, na kompyuta ikifa, kuijenga upya kunaweza kuchukua muda mrefu, wakati ambao una haraka zaidi. Kwa barua za Gmail kuna Got Your Back, nayo ni huria. Asiyeweza yote haya, Google inampa kifurushi chote bure kupitia Takeout. Kifurushi kimoja kila robo mwaka ni bora kuliko makala hii yote kusomwa na kusahauliwa.

Nakala ngapi, na zikae wapi

Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh ndiye aliyeieneza hesabu ambayo watu wa kazi hii wanaitumia mpaka leo: kila kitu kiwe na nakala tatu, juu ya vyombo vya aina mbili, na moja ikae mbali. Kwetu tunaweza kuhesabu hivi: Drive yenyewe ni moja, diski ya bironi ni ya pili, diski ya mji mwingine ni ya tatu.

Wasomaji wa Yeremia 32 hawatashangaa. Yerusalemu umezingirwa, naye nabii ananunua shamba huko Anathothi, anatengeneza hati mbili, moja yenye muhuri na moja iliyo wazi, na Baruku anaambiwa aziweke katika chombo cha udongo ili zikae siku nyingi. Ilikuwa hati ya shamba, na aliitunza kama mtu anayetegemea kwamba kuna atakayekuja kuiuliza.

Neno "mbali" sisi wa upande huu tunalielewa. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya Goma. Mwaka 2021, mlima uliwaka tarehe 22 Mei, na siku tano baadaye sehemu ya mji ikaambiwa iondoke. Anayeondoka kwa haraka anashika watoto na godoro. Diski iliyo ndani ya kabati bironi inabaki. Kama ya tatu iko Bukavu au Butembo au Bunia kwa kanisa ndugu, hakuna anayehitaji kurudi kuifuata. Fanyeni mapatano: wao watunze diski yenu, ninyi mtunze yao. Zimefungwa kwa siri, hakuna atakayesoma ya mwenzake. Mkutano wa wachungaji ndio wakati wa kubadilishana.

Ile ya bironi isikae imechomekwa kwenye kompyuta. Virusi vinavyofunga faili ili kudai pesa hufunga na diski vinavyoikuta. Ichomeke, fanya kazi, ichomoe, weka kwenye kabati.

Neno la siri na mtu aliyelala

Restic haina mlango wa nyuma. Ukisahau neno la siri, hata aliyeitengeneza hawezi kukufungulia. Najua biro moja ambapo mtu wa pekee aliyejua neno la siri alifariki ghafla. Diski ipo, inawaka, na hakuna kinachosomeka.

Dawa ipo ndani ya programu yenyewe. Restic inaruhusu funguo zaidi ya moja kwa hifadhi ileile. Mchungaji ana lake, mtunza hazina ana lake, na la tatu limeandikwa kwenye karatasi ndani ya bahasha iliyofungwa kwa mwenyekiti wa komite. Mmoja akiondoka, ufunguo wake unaondolewa na wengine wanaendelea. Liandikeni kwenye bahasha hiyo na jina la programu, maana atakayeifungua huenda hajawahi kusikia neno restic.

Kurudisha

Tarehe 31 Januari 2017, mfanyakazi wa kampuni ya GitLab, amechoka usiku, alifuta hifadhidata kwenye mashine isiyo yenyewe. Walikuwa na njia tano za nakala za akiba. Walipozigeukia, walikuta zile za kila siku hazikuwa zikifanyika, na barua za kuonya kwamba hazifanyiki zilikuwa zinakataliwa njiani. Waliokolewa na nakala ambayo mtu aliifanya kwa mkono kama saa sita kabla, kwa kazi nyingine kabisa. Kampuni hiyo iliyaeleza yote hadharani, na nawaheshimu kwa hilo.

Hao ni watu ambao kompyuta ndiyo kazi yao. Sisi je? Restic ina amri ya kukagua, inaitwa check, na ukiiomba itasoma data yote kuona kama ni nzima. Iendesheni kila miezi mitatu. Lakini kukagua si kurudisha. Kwetu sasa, Jumatatu ya kwanza ya mwezi, sekretari anachagua faili moja bila kutuambia ni ipi, mara nyingi ni ya zamani, na mtu mwingine anairudisha kutoka kwenye diski kwa kutumia kompyuta ambayo si ya biro. Mara ya kwanza tulishindwa: faili ilirudi, lakini hapakuwa na programu ya kuifungua. Mara ya pili tuligundua kwamba folda ya shule ya Jumapili ilikuwa bado ya mwalimu binafsi, haikuwa imenakiliwa hata siku moja. Mara ya tatu ilichukua dakika kumi na tano.

Daftari la ndoa la karatasi tumelinunua tena. Linajazwa kwa kalamu siku ileile ya harusi, mbele ya mashahidi, kabla ya mtu yeyote kugusa kompyuta.